Shanga Zisizo na Tundu

Bombambili, Songea
Jumapili ya Pentekoste, 4 Juni 1995

Aidan wangu, mume wangu,

Naandika "mume wangu" halafu naweka kalamu chini nalitazama neno lenyewe. Leo ni wiki tano na siku moja tangu padri aniulize kama nimekubali, nami nikajibu kabla hajamaliza swali, kanisa zima likacheka. Bado nacheka peke yangu jikoni. Mama Sabra wa chumba cha pili anagonga ukuta: "Bibi harusi! Leo tena?" Namjibu, "Leo tena, mama!"

Ushirika ulipokupunguza kazini nililia, lakini ulisema utachimba mawe ya thamani Tunduru mpaka mvua za kwanza kisha urudi, basi nami nasubiri mvua za kwanza. Sijawahi kuipenda Novemba kama mwaka huu.

Nimeanza tena kazi yangu ya shanga. Wakati wa uchumba hukuniona nikiifanya kwa sababu nilikuwa nikikuficha vidole vyangu, vimejaa makovu ya chupa. Sasa huwezi kunirudisha kwetu, kwa hiyo nakueleza. Sista Kunegunda alipohamishwa misheni aliniachia tanuri lake dogo na kalibu zake za udongo. Navunja chupa ndani ya gunia, natwanga kwenye kinu cha chuma, nachekecha unga kwa kitambaa cha soksi ndefu. Kalibu naipaka udongo mweupe ili kioo kisigande. Kisha najaza unga, na katikati nasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Motoni kikonyo kinaungua, kinaacha tundu la uzi. Baada ya hapo ni kufukia kalibu kwenye jivu la moto na kusubiri mpaka kesho yake. Mwenye haraka hawezi kazi hii, ndiyo maana Sista alisema wewe hutaiweza kamwe!

Rangi ndiyo raha yangu. Chupa ya bia inatoa kahawia ya chai kavu. Chupa ya divai ya misa inatoa kijani cha majani ya mgomba yakiwa machanga. Ya soda inatoa weupe wenye kivuli cha maji. Na ile ya bluu, chupa ya dawa ya kiungulia, ni adimu. Nazipata mbili tatu kwa mwezi kutoka kwa mfagiaji wa zahanati. Lakini siwezi kuchanganya ninavyotaka. Sista alinikanya: chupa na chupa hazipoi sawa. Motoni zinakaa pamoja vizuri tu, zikianza kupoa kila moja inavuta upande wake, na ushanga unapasuka, pengine usiku ule ule, pengine wiki ya tatu ukiwa shingoni mwa mtu. Kwa hiyo rangi nazichanganya kwenye uzi tu.

Huu mkufu ni wako. Usiuvae, watu watakucheka. Uweke mfukoni. Za kahawia zimetoka kwenye chupa ya bia uliyoinywa meza kuu siku ya harusi. Nilimwomba mhudumu, akafikiri nimelewa.

Nakubusu mikono yote miwili,
Oliva, mke wako (mke wako!)


Tunduru
19 Juni 1995

Mke wangu Oliva,

Mkufu umefika. Kondakta Hassani aliufunga kwenye leso yake akanikabidhi mbele ya watu, wakanipigia vigelegele. Nilifurahi, ingawa sikuonyesha.

Mimi mzima ila nimechoka. Tunasimama mtoni maji yakiwa kiunoni, tunachota kokoto, tunachekecha, tunatazama, tunamwaga. Tangu nije nimepata jiwe moja dogo kama punje ya mtama, na dalali alisema lina ufa. Nalala kwa Alfani, mchimbaji mwenzangu, mtu mwema sana. Yeye ni Myao na mimi Mngoni, basi kila jioni ni utani. "Mtani, ardhi hii inawakumbuka babu zako walivyokuja na mikuki," ananiambia. "Itakupaje jiwe?" Mkewe Sharifa ameutazama mkufu wako mpaka nikaona aibu kuurudisha mfukoni.

Kuna jambo. Dalali mmoja, Otto, mtu wa kwetu huko karibu na Peramiho, ameuona mkufu. Alizishika zile za bluu moja moja akaziinua juani. Anasema kuna mafundi wa pete wanaotafuta vioo vizuri. Ila anataka zisiwe na tundu. Na zisitoke kwenye unga, maana unga unaleta ukungu. Uyeyushe vipande vya chupa vizima ili ndani kuwe safi. Umbo lisiwe la mviringo kamili, liwe kama kokoto la mtoni. Ukimaliza uzisugue kwa mchanga mpaka ngozi ipoteze mng'ao. Anasema mafundi wanapenda kung'arisha wenyewe.

Kama una nafasi. Usijichoshe.

Mumeo,
Aidan


Bombambili
2 Julai 1995

Mpenzi wangu Aidan,

Mafundi wa pete! Nimeisoma barua yako nikimsomea Mama Sabra kwa sauti, isipokuwa pale niliporuka. (Hapakuwa na cha kuruka, wewe mume mkavu, lakini nilijifanya kipo.)

Nimehangaika siku kumi. Vipande havifanani na unga hata kidogo. Unga unatii, unajaa kila kona ya kalibu. Vipande vina kiburi, vinayeyuka kwa juu na ndani vinaacha mapovu. Katika kalibu nne za kwanza nilitoa vitu kama macho ya samaki aliyekaa juani kutwa. Baadaye nikagundua ni lazima moto uwe mkali kwa muda mrefu zaidi, na mvukuto usikome hata kidogo, mpaka bega langu la kulia likavimba. Lakini, Aidan, ukiona! Ni bluu kama mbingu za saa moja asubuhi kule Matogoro, ukungu ukiwa umeondoka. Nilisita kuzisugua kwa mchanga. Niliona kama ninamsugua uso mtoto mzuri ili asionekane. Lakini mafundi wanajua kazi yao.

Sasa nakupa siri, usimwambie Otto. Katika kila moja nimetia chembe ya chupa yetu ya harusi. Chembe moja tu ya kahawia, ndogo kama jicho la mbu, katikati ya bluu. Najua Sista alikanya. Nilijaribu chembe kubwa, zikapasuka tano. Nikajaribu ndogo, ikapasuka moja. Nikajaribu ndogo kabisa, naishika kwa ncha ya sindano yenye mate, na hizo zimekaa. Kwa hiyo kila atakayevaa pete ile atakuwa amevaa harusi yetu bila kujua. Si vizuri hivyo? Niambie kwamba ni vizuri.

Natuma kumi na moja kwa Hassani. Zimebaki chupa mbili za bluu, namwinda yule mfagiaji kama paka.

Juzi nilikwenda Maposeni kuwasalimu wazee. Baba amevuna mahindi mengi, ila siku hizi ushirika haununui kama zamani. Wanunuzi ni watu binafsi wenye malori, wanakuja wanapotaka. Bati zake alizonunua kidogo kidogo kwa misimu mitatu zimekamilika, zimepangwa ukutani. Anasema kabla ya mvua ataondoa nyasi za paa. Anazipangusa vumbi kila Jumamosi! Mama anasema hata yeye hajawahi kupanguswa hivyo.

Wako ninayekuota,
Oliva


Tunduru
30 Julai 1995

Mke wangu,

Shanga zimefika zote, hakuna iliyopasuka. Otto amezichukua. Ile chembe ya kahawia ameiona, amesema uendelee kuiweka, usiiache. Anasema ndiyo inayopendeza zaidi.

Anataka nyingine nyingi kadiri utakavyoweza. Nakutumia kitenge kwa mkono wa Hassani, na kifurushi cha chupa za bluu. Alfani alizikusanya bila kuniuliza ni za nini.

Sina la kuandika zaidi. Nimechoka sana siku hizi, hata barua inakuwa kazi.

Aidan


Bombambili
20 Agosti 1995

Mume wangu mpenzi,

Kitenge nimekishona tayari, nimekivaa kanisani, nimetembea polepole ili kila mtu akione. Wakiniuliza nasema, "Mume wangu yuko Tunduru," kana kwamba wao hawajui.

Nakutumia kumi na tisa. Jumla zimefika thelathini. Nilitaka ziwe zaidi lakini mwili umegoma kidogo. Vumbi la chupa limenikaa kifuani, nikilala kifua kinapiga mluzi. Mama Sabra ananiambia, "Funga kanga puani, binti, huyo mume atakuwa mjane wa chupa." Bega halijapona. Nimejikata kidole gumba mara tatu mahali pale pale.

Na sokoni shanga zangu za kawaida, zenye tundu, hazitoki tena. Maduka yamejaa shanga za plastiki toka ng'ambo, za kila rangi, hata waridi, nami waridi sina chupa yake. Bibi harusi mmoja alishika zangu akasema, "Mbona nzito?" Nilitaka kumwambia kwamba ni nzito kwa sababu ni kitu.

Kwa hiyo mafundi wako ndio wanaonitunza. Lakini Aidan, nataka kuona pete moja. Moja tu. Niione bluu yangu imekaa kwenye chuma. Wiki nzima nimekuwa nikiiwaza. Mwombe Otto akuonyeshe, kisha unichoree hata kwa kalamu.

Barua zako zimekuwa fupi. Silalamiki. Nazisoma mara tatu zinakuwa ndefu.

Wako,
Oliva


Maposeni
10 Septemba 1995

Kwa mkwe wangu Aidan,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama mkwe wako. Naandika mwenyewe, miwani ni ya katekista, ukiona mstari umepinda ujue kaja kuidai.

Mkwe, Mungu ametukumbuka. Kuna kijana wa huku anaitwa Otto, anafanya biashara ya mawe huko uliko. Amepita vijijini baada ya mavuno. Mimi jiwe la thamani sikuwahi kuliona, lakini nilimhoji sana, mimi si mtoto. Nikamwambia, "Nitajuaje kama si kioo?" Akanijibu vizuri sana. Akasema, "Mzee, kioo ni kisafi ndani kama maji. Jiwe la ardhini lazima liwe na uchafu wake, maana limekaa na udongo." Akaniinulia juani. Kweli, katikati kuna doa dogo la kahawia, kama jicho la mbu. Nikasema basi, hili ni la ardhini.

Nimempa bati zote. Mama mkwe wako amenuna wiki nzima, lakini nimemwambia bati ni bati tu, jiwe hili likiuzwa tutaezeka na nyumba, na jiko, na banda la mbuzi, hata mbuzi mwenyewe.

Sasa wewe uko huko na unawajua wanunuzi wakubwa. Nitafutie mmoja mwaminifu kabla ya mvua. Oliva usimwambie, nataka nimshangaze. Amekonda, sijui unamlisha nini kwa barua.

Mimi baba mkwe wako,
Thadei


Tunduru
24 Septemba 1995

Baba mkwe,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nashukuru kwa kuniamini.

Baba, jiwe lihifadhi kwanza. Usilionyeshe watu. Wakati huu wanunuzi si wazuri. Nitakuja mwenyewe tulizungumze.

Mwanao,
Aidan


Tunduru
24 Septemba 1995

Oliva,

Acha kutengeneza zile za bluu. Mafundi wamesitisha. Pumzisha kifua.

Pete sijaipata.

Aidan


Bombambili
22 Oktoba 1995

Aidan,

Jumamosi nilikwenda Maposeni. Nilimkuta Baba juu ya nyumba anachomekea nyasi mpya kwenye nyasi zilizooza. Ukutani palipokuwa na bati pana alama tu ya mahali zilipoegemea. Nikauliza, "Baba, bati ziko wapi?" Mama akaingia jikoni. Baba akashuka, akanawa mikono, akaifuta vizuri, akaniambia nikae. Akaenda ndani akarudi na pakiti ya kiberiti. Ndani yake pamba, na ndani ya pamba bluu yangu.

Ninayajua yote thelathini, Aidan. Hili ni la kalibu yenye ufa pembeni, lina mstari mwembamba ubavuni ambao sikuweza kuusugua ukaisha. Nililitengeneza siku niliyojikata kidole gumba mara ya tatu. Chembe imekaa juu kidogo kwa sababu nilikohoa nikiwa nimeshika sindano.

Baba alikuwa ananitazama usoni ili aone nitakavyoshangaa. Akasema, "Umeona? Umeona doa lake? Hiyo ndiyo alama ya ardhi." Nikasema, "Nimeliona, Baba." Mdomo wangu ndio uliosema, mimi sikuwepo. Kisha akasema kwa furaha kwamba mkwe wake anajua, kwamba amemwandikia tangu mwezi wa tisa, na kwamba mkwe amemjibu alihifadhi.

Nilikuja nyumbani nikaitoa barua yako. Tarehe ishirini na nne Septemba. "Mafundi wamesitisha." Siku ile ile, pengine kwa kalamu ile ile, uliwaandikia baba na binti.

Mimi ni mjinga, nakubali. Kokoto la mtoni, lisiwe na tundu, lisuguliwe mchanga. Mtu yeyote angejua. Lakini nilikuwa nimeolewa wiki tisa na nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya nisione kitu. Chembe ile niliitia kwa mapenzi. Hiyo ndiyo iliyomfanya Baba aamini. Nayarudia maneno haya nikipika, nikifua, nikisali. Bila chembe ile Baba angesema ni kioo, angebaki na bati zake.

Sikumwambia. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza aliniletea maziwa. Mara ya pili alikuwa amerudi juu ya nyumba, na anapokuwa juu anapiga mluzi.

Sikuulizi kama unanipenda. Nimechoka kuuliza mambo mazuri. Nakuuliza moja: ulijua lini?

Oliva


Tunduru
2 Novemba 1995

Oliva, mke wangu,

Nilijua tangu mwanzo.

Otto aliposema "mafundi wa pete" alikuwa anacheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikakuandikia kama alivyosema. Wiki moja baada ya zile kumi na moja kufika nilimwona stendi akimuuzia jiwe moja la bluu mtu mwenye kofia ya kufuma. Yule mtu alilifunga kwenye kona ya shuka yake, akafunga fundo, halafu akafunga fundo juu ya fundo. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Nilijiambia kila mtu ana macho yake.

Tangu Julai sijaingia mtoni. Nilikudanganya. Alfani alikuwa anakwenda peke yake, jioni anarudi anatetemeka, mimi nimekaa kwenye mkeka wake nakula korosho za mkewe. Alipogundua zile chupa zilikuwa za nini hakunigombeza. Aliacha kunitania. Oliva, sikujua kama kutotaniwa kunaweza kumuumiza mtu hivi.

Na kuna lingine, ni afadhali nilitoe lote. Bati zilikuja huku na lori mwishoni mwa Agosti. Otto aliomba msaada wa kushusha. Nilizishusha mimi. Niliona zilivyopangushwa safi nikasema, "Huyu mwenye bati alikuwa mtu wa nidhamu." Jioni ile ile ziliuzwa. Barua ya Baba ilipofika ndipo nilipojua nilibeba za nani.

Nilimfuata Otto. Akasema, "Shanga ni za mkeo, shemeji, mimi msafirishaji tu. Twende polisi, utaanza wewe." Sasa amehama, wengine wanasema amefuata mawe mengine mbali.

Nilinyamaza kwa sababu niliona nikikuambia nitakupoteza, na nisipokuambia nitakupoteza baadaye. Nikachagua baadaye.

Sina bati. Nina mikono tu na nauli ya kufika Maposeni. Nitashuka huko kwanza. Sitakuja Bombambili mpaka nimemwambia Baba kwa mdomo wangu.

Aidan


Maposeni
19 Novemba 1995

Mwanangu Oliva,

Mume wako kaja. Leo siku ya tisa. Hakuingia uani, alikaa kwenye kisiki cha barabarani na begi lake, watoto wakaja kuniambia kuna mgeni hataki kukaribia. Nikamfuata. Akapiga magoti kwenye mavumbi, mtu mzima na suruali yake, akaniambia yote. Nikamuuliza, "Na lile doa?" Akasema, "Ni chupa ya bia ya harusi yetu, Baba." Nikacheka mpaka mama yako akatoka na mwiko. Kicheko hakikuwa cha furaha, mwanangu, lakini nilikuwa na haja nacho.

Kilichoniuma zaidi ya bati nakwambia. Ulilitazama jiwe ukasema, "Nimeliona, Baba." Uliniacha nirudi juu nipige mluzi.

Jumapili baada ya misa niliomba nafasi, nikasimama mbele ya watu nikawaambia mimi Thadei nimeuziwa chupa. Unafikiri walinicheka? Wapi! Jirani yetu Pankrasi akatoa kiberiti mfukoni. Halafu mwingine, na mwingine. Watatu, mbali na mimi. Kila mmoja alikuwa amekatazwa kulionyesha. Tumesimama wanne kanisani na chupa zetu viganjani, hapo ndipo tulipocheka kweli.

Nimemwambia mume wako sitaki bati zake. Anakata nyasi bondeni, anabeba kichwani, ameezeka upande wa mashariki. Pankrasi naye ataezekewa banda, na hao wengine watasema wanachotaka. Majirani wanashangaa mkwe juu ya paa la ukweni; mama yako hawezi kukaa chini ya miguu ya mkwe wake, basi kutwa anashinda kwa jirani, anasema hajawahi kupumzika hivi tangu aolewe. Kuezeka mume wako hajui. Jana alianguka, akaangukia mbuzi wa jirani. Mbuzi mzima.

Mvua imenyesha mara mbili. Upande wake hauvuji, wangu unavuja. Usimwambie.

Nakurudishia jiwe lako. Sina hasira nalo, ni zuri. Lakini likikaa humu ndani iko siku mjukuu atalikuta kwenye kiberiti na ataamini tena. Litoboe.

Baba yako,
Thadei


Bombambili
26 Novemba 1995

Aidan,

Baba ameniletea jiwe kwa mkono wa katekista, na neno moja: litoboe. Yeye hajui kwamba kioo kikishapoa sina cha kukitobolea. Njia ni moja, kukiyeyusha tena.

Nilikaa siku mbili sijawasha moto. Kifua bado. Jumatano nikapaka kalibu udongo mweupe, nikaliponda jiwe, nikasimamisha kikonyo cha muhogo katikati, nikavuta mvukuto kwa mkono wa kushoto. Chembe ya kahawia sikuitoa. Niliiona pale kwenye vipande, nikaiacha. Kisha nikafukia kwenye jivu, nikaenda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kazi hii sikuamka kwenda kuchungulia.

Limetoka. Halikupasuka. Ni baya, Aidan. Kahawia imetambaa, bluu imepata ukungu, upande mmoja umebonyea kama limekaliwa. Hata mtu mwenye njaa hawezi kuliita jiwe. Lina tundu, tena kubwa kuliko kawaida, unaona mwanga upande wa pili. Nimelitia kwenye uzi mweusi nimelivaa. Mama Sabra ameniuliza ni la nini. Nimemwambia ni la harusi. Hakugonga ukuta leo.

Nilimwandikia Baba kuomba msamaha kwa yale maneno "Nimeliona, Baba." Barua hiyo ni ndefu kuliko zako zote.

Nilitengeneza thelathini. Nne zimejulikana. Ishirini na sita sijui ziko kwenye kiberiti cha nani, shuka ya nani, yule mwenye kofia ya kufuma anaishi wapi. Nitakuwa nazihesabu maisha yangu yote, na wewe utakuwa unazihesabu pamoja nami, hilo sikuombi, nakwambia. Mwandikie Alfani. Mwambie aulize kwa wenzake wa mtoni. Akirudi kukutania, utajua amekusamehe.

Ezeka na upande wa Baba. Unavuja, alinikataza nisikwambie.

Ukimaliza uje. Sina maneno mengine matamu, nilikuandikia yote mwezi wa sita, yatafute mfukoni. Lakini safari hii usimpe Hassani barua, wala kitenge, wala salamu. Chochote ulicho nacho, njoo nacho mwenyewe.

Mlango unajua ulipo.

Oliva